Kabla ya kumnunua samaki mwenye sura kali, lipime tangi lako

Waingize watoto katika duka lolote la samaki wa mapambo, na utaona kwamba macho yao hayaendi kwa samaki wa dhahabu. Hao ni wa mama. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja huenda moja kwa moja hadi kwenye tangi la pembeni, alimo samaki mmoja tu, mwenye taya pana na jicho kali kama la askari wa zamu. Huyo ndiye anayemtaka, na hataki mwingine.

Wala hakosei. Samaki mwindaji ana jambo ambalo wenzake hawana. Hazunguki ovyo kutoka ukuta hadi ukuta. Hutulia, hutazama, hupima, kisha huchomoka mara moja. Ukiketi mbele yake jioni baada ya chakula unaona akili ikifanya kazi. Familia nyingi zilizowahi kumfuga samaki wa namna hiyo husema kwamba televisheni ilipata mpinzani.

Tatizo, msomaji wangu, ni kwamba yule uliyemwona dukani aghalabu ni mtoto mchanga. Sura ni ya mwindaji, lakini mwili bado haujaja. Utakapokuja, tangi lako halitamtosha, na hapo ndipo vituko huanza: mzazi anamlaumu muuzaji, mtoto analia, na samaki anaishia kwenye ndoo akipelekwa mtoni usiku. Ndiyo sababu juma hili nataka tuzungumze kuhusu samaki wadogo wenye sura ya mwindaji, wale watakaobaki wadogo maisha yao yote. Wapo, na baadhi ya walio bora zaidi duniani wanatoka katika ziwa la hapa hapa Afrika Mashariki.

SHIKA FUTI KWANZA

Kabla ya kumfikiria samaki, pima tangi. Tangi la wastani la nyumbani huwa na urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40. Zidisha tarakimu hizo, kisha ugawanye kwa 1,000, nawe utapata lita 112. Mwanafunzi wako anaweza kuifanya hesabu hiyo, na ni vizuri aifanye yeye. Mwambie pia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, tangi hilo lina uzito wa watu wazima wawili. Usiliweke juu ya kabati la vyombo.

Sasa tuwatazame wale wanaouzwa zaidi kwa sababu ya sura yao. Oskari, samaki wa Amerika Kusini mwenye mabaka mekundu, huuzwa akiwa na sentimita tano hivi. Akilishwa vizuri, katika mwaka mmoja tu anaweza kupita sentimita 20, na hatimaye hufikia 30 au zaidi. Katika tangi lenye upana wa sentimita 35, samaki huyo atageuka kwa shida kama lori kwenye kichochoro. Paku naye hufanana sana na piranha, wale samaki wa meno makali wa mto Amazon, na kwa hiyo hupendwa na vijana. Lakini baadhi ya aina za paku hufikia karibu mita moja. Huyo si samaki wa sebuleni.

Hata majirani zetu wa Ziwa Malawi wana kishawishi chao. Kuna samaki huko anayeitwa kaligono, yaani mlalaji. Hujilaza ubavu chini ya maji kama mzoga, na mabaka yake humfanya aonekane ameanza kuoza. Samaki wadogo wanapokuja kuudonoa mzoga huo, mzoga huamka na kuwameza. Ni maajabu kumtazama. Lakini hufikia sentimita 20 hadi 25, naye huhitaji tangi kubwa mara mbili au tatu ya lile tulilolipima.

Kuna wauzaji watakaokuambia kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake. Usikubali maneno hayo. Samaki akidumaa katika tangi dogo, hudumaa kwa sababu anaishi katika maji yaliyojaa uchafu wake mwenyewe. Huko si kuzoea. Ni kuugua polepole.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei. Uliza, "Samaki huyu akiwa mzima atakuwa na urefu gani?" Muuzaji asipojua, uliza jina kamili la samaki, liandike, uende ukasome kabla ya kurudi na pesa.

BINGWA WA ZIWA TANGANYIKA

Kama ningetakiwa kumchagua mmoja tu kwa tangi la lita 112, ningemchagua yule ambaye wataalamu humwita Altolamprologus calvus. Jina ni refu, lakini wafugaji hulikata na kusema calvus tu. Katika Kilatini neno hilo maana yake ni mwenye kipara, kwa kuwa sehemu ya paji la uso wake haina magamba.

Huyu ni wa jamii moja na ngege tunaowala, ile ambayo wanasayansi huiita sikilidi. Anatoka Ziwa Tanganyika, ambalo linamilikiwa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, na ni moja tu duniani, Baikal la Urusi, linalolizidi kwa kina. Lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Calvus ana sura ya kuogofya: pua ndefu iliyochongoka, mdomo mpana unaoelekea juu, macho makubwa, na mwili mweusi au wa manjano ulionyunyiziwa vitone vyeupe kama lulu. Lakini dume aliyekomaa huwa na sentimita 13 hadi 15 tu, na jike kama 10. Ukimtazama kutoka mbele utashangaa, kwani ni mwembamba kama daftari. Wembamba huo ndio silaha yake. Hujipenyeza katika nyufa za mawe ambamo samaki wengine hawawezi kuingia, akawatoa kamba wadogo na vifaranga vya samaki waliojificha humo.

Jambo jingine linalomfanya afae nyumbani ni tabia yake. Ana sura ya jambazi lakini moyo wa mzee wa mtaa. Mara chache huanzisha vita. Akishambuliwa, huukunja mwili na kumwonyesha adui ubavu wenye magamba magumu, kama mtu anayejikinga kwa ngao. Atawala samaki wanaoweza kuingia mdomoni mwake, lakini wale wakubwa kuliko hapo kwa kawaida huwaacha.

Ana ndugu yake anayeitwa compressiceps, ambaye ana mwili wa kimo kirefu zaidi na umbo la jani pana. Malezi yao ni sawa. Chukua yeyote kati yao, lakini usiwachanganye katika tangi moja, kwani wanaweza kuzaliana na kukupa machotara.

Nawaonya wenye haraka: samaki hawa hukua polepole mno. Huweza kuchukua miaka miwili au zaidi kabla ya kukomaa. Kwa upande mwingine, akitunzwa vyema anaweza kuishi miaka kumi.

Si kila duka lina samaki hawa. Itabidi uulize na pengine uagize. Nunua wadogo wanne, uwakuze pamoja, na wawili wakishachaguana uwarudishe wengine. Patana na mwenye duka juu ya jambo hilo kabla ya kulipa.

WADOGO ZAIDI, WAKALI ZAIDI

Labda tangi lako ni dogo kuliko lile tulilolipima, tuseme lita 60. Usikate tamaa. Ziwa hilo hilo la Tanganyika lina samaki wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Mmoja wao ni Lamprologus ocellatus. Ana sentimita tano au sita tu, lakini ana mdomo mpana na macho yaliyotokeza, sura ya mbwa mlinzi kabisa. Huchimba mchanga, akalifukia kombe lake mpaka ubaki mlango tu, kisha akaketi mlangoni. Ukiingiza mkono kusafisha tangi, atakujia na kukuuma. Hutaumia, bali utacheka. Watoto humpenda kupita kiasi.

Kila samaki wa aina hiyo apewe kombe lake, na machache ya ziada. Huhitaji kwenda kuyatafuta ufuoni. Makombe matupu ya konokono wakubwa wa shambani yanafaa, bora uyachemshe na kuyasugua vizuri kwanza.

Wa tatu ni Julidochromis. Ana mwili mwembamba mrefu kama mtumbwi, wenye michirizi myeusi juu ya manjano au nyeupe. Aina ndogo zake huwa na sentimita saba au nane. Huogelea akifuata uso wa jiwe, hata kama tumbo lake litaelekea juu. Dume na jike wakishaoana hulinda pango lao kwa ushujaa, na watoto wao hukaa karibu nao kwa muda mrefu. Usiwasumbue kwa kupangua mawe kila juma. Wakichanganyikiwa, wanaweza kugombana hata kuuana.

Na kwa wale wenye tangi la urefu wa sentimita 120, yuko chui wa mto Kongo, Ctenopoma acutirostre. Ana madoa ya chui, na akitulia kati ya majani hudhani ni jani lililokauka. Mdomo wake hurefuka ghafla kama bomba na kunyonya windo. Hufikia sentimita 15 hadi 20, na huweza kuvuta hewa juu ya maji. Ila yeye hapendi maji ya Tanganyika, kama tutakavyoona.

MAJI SI MAJI TU

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Tangi linalopendeza halikuja hivi hivi, na kazi kubwa iko katika maji.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini na milima ya Aberdare, ni laini, yaani yana madini machache. Chui wa Kongo atayafurahia maji hayo. Calvus na wenzake wanahitaji uyaongezee nguvu. Weka chini changarawe ya mawe ya chokaa au ya matumbawe, na mawe ya chokaa ya kujengea mapango. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki. Likitoa povu, linayo. Kama mtaa wako unatumia maji ya kisima cha kuchimbwa, au unaishi Pwani, mambo yanaweza kuwa kinyume, kwa hiyo pima kwanza. Vipimo vya maji huuzwa kwenye maduka ya samaki.

Maji ya mfereji yana klorini ya kuua viini, na klorini huua samaki pia. Yaache kwenye ndoo wazi mchana kutwa na usiku kucha, au tumia dawa ya kuiondoa. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Nairobi ya mwezi wa Julai haiwezi kukupa joto hilo, kwa hiyo nunua hita ya wati 100 pamoja na chujio zuri.

Sasa nakuomba subira. Ukishalijaza tangi, usitie samaki siku hiyo, wala juma hilo. Mavi ya samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini huchukua juma nne hadi sita kuzaana na kutosha ndani ya chujio. Washa mitambo, tia chembe chache za chakula kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria hao, na upime. Amonia ikifika sufuri, na naitraiti nayo ikifika sufuri, ndipo umlete mgeni wako. Samaki wengi wanaofia majumbani hufa katika mwezi wa kwanza, na mara nyingi chanzo ni haraka hii.

Baada ya hapo badilisha sehemu moja ya tano ya maji kila juma. Stima ikipotea, acha kulisha, lifunike tangi kwa blanketi, na uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri.

MEZA YA MWINDAJI

Wengi hufikiri kwamba samaki mwenye sura kali lazima apewe samaki hai. Si kweli, na kufanya hivyo mara nyingi huleta ugonjwa ndani ya tangi. Mzoeze chakula cha punje kinachozama, kamba wadogo waliogandishwa, na viluwiluwi wa mbu waliotoka katika maji safi. Usimpe nyama ya ng'ombe wala kuku, kwani mafuta yake hayameng'enywi vizuri na tumbo la samaki. Mpe kidogo kidogo mara moja au mbili kwa siku, na siku moja katika juma afunge.

Kuhusu majirani, kanuni ni moja: anayeingia mdomoni ni chakula. Usimweke calvus mzima pamoja na samaki wadogo wa rangi rangi, halafu ukashangaa asubuhi hesabu ikipungua.

ZIWA LETU LINATUSHUHUDIA

Nimelisisitiza jambo la ukubwa kwa sababu tangi likishindwa, mto huwa karibu. Watu wema kabisa, wasiotaka kumuua samaki, humwachilia mtoni au bwawani wakidhani wanampa uhuru.

Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kujifunza matokeo yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa katika Ziwa Victoria ili kuukuza uvuvi. Ni mwindaji anayeweza kufikia karibu mita mbili na kilo 200. Kwa miaka mingi alionekana mmoja mmoja. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalijaza ziwa. Ziwa hilo lilikuwa na aina zipatazo 500 za samaki wadogo wanaoitwa fulu, ambao hawakuwa wamewahi kukutana na mdomo kama huo. Wataalamu hukadiria kwamba aina 200 hivi zilitoweka, mbuta akiwa chanzo kimoja kikubwa pamoja na uchafuzi wa maji. Ni kweli mbuta ameleta viwanda na ajira, na baadhi ya fulu wamerudi tangu miaka ya 1990. Lakini wengi hawatarudi.

Katika Ziwa Naivasha, kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, Marekani, walitiwa mwaka wa 1970. Walikula mimea ya majini hata sehemu kubwa za ziwa zikabaki tupu.

Lakini msomaji, hebu tazama upande wa pili. Baadhi ya fulu waliotoweka ziwani bado wako hai, kwa sababu kuna watu na hifadhi za wanyama huko Ulaya na Marekani waliowafuga katika matangi ya vioo, vizazi kwa vizazi. Kioo kile kile kinachoweza kumleta mharibifu kinaweza pia kumhifadhi anayepotea. Tofauti iko kwa anayekishika.

Kwa hiyo samaki akikushinda, mrudishe dukani, mpe mfugaji mwenzako, au uiulize shule yenye tangi. Mtoni asiende kamwe, hata awe mdogo namna gani.

Na kabla ya kununua, keti na mtoto wako mjibu maswali matatu kwa maandishi. Akiwa mzima, samaki huyu atakuwa na urefu gani? Nani atabadilisha maji kila Jumamosi, hata wakati wa mitihani? Na mtoto akienda shule ya bweni, nani atamlisha? Calvus anayenunuliwa leo na mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kuwa hai mtoto huyo anapomaliza chuo kikuu. Kama majibu yote matatu yana jina la mtu, basi nendeni mkanunue tangi. Samaki atafuata baada ya juma sita.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.